Mlingoti wa boti ndogo haupandwi, unalazwa

Tangu shemeji yangu anunue boti ya tanga, nimegundua watu wa Moshi wanatuamini vibaya sisi tunaopeleka wageni mlimani. Kitu chochote kikishasimama wima, wanajua tutakipanda. Parachichi limebaki kwenye tawi la juu, niitwe. Dishi la jirani limegeuzwa na upepo, niitwe. Sasa jarari ya boti, ile kamba ya kupandishia tanga, imemponyoka mtu mkononi, ikapaa hadi kileleni mwa mlingoti na kunasa huko huko, na shemeji akanipigia simu huku anacheka: "Shemeji, njoo na ile mikanda yako ya mlimani. Kuna kakazi kadogo huku Pasua."

Nikaenda na mikanda. Sikupanda.

Kwanza niwatoe watu tongotongo, na wageni wangu wengi wamo. Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kwa njia za Marangu, Machame au Lemosho hakutaki kamba. Ni miguu, maji ya kunywa na pole pole mpaka mita 5,895. Kamba zinatakiwa Mawenzi, kwenye mwamba uliooza unaomeguka mkononi. Ndiyo maana Kibo kilipandwa 1889 lakini kilele cha Mawenzi kikasubiri mpaka 1912, Eduard Oehler na Fritz Klute walipofika. Mimi kamba nilifundishwa kwenye mafunzo ya uokoaji, na siku ya kwanza hatukupanda chochote. Tulishinda tunaangalia vitu vya kufungia kamba: jiwe hili, mti ule, chuma kile, kipi kitakushika na kipi kitakuja na wewe. Ukizoea kuangalia hivyo, hata ukienda harusini unaangalia nguzo za turubai.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 19, imeletwa kutoka pwani ikiwa juu ya trela, na sasa inaishi kati ya banda la kuku na migomba. Uzito wake wote ni kama kilo 600, na ndani ya hizo kuna kilo 180 za chuma kwenye mkuku, ule uti wa chini ya boti, ambazo kazi yake ni kuirudisha boti ikiinama. Mlingoti ni wa alumini, mita 7. Nikamwambia shemeji tupige hesabu ya uzito mara umbali, ile ya mizani ya dukani. Mimi nina kilo 74. Nikifika mita sita na nusu juu, 74 mara 6.5 ni 481. Ule mkuku uko nusu mita hivi chini ya maji, 180 mara nusu ni 90. Maana yake boti ikianza kulala upande mmoja, mimi kule juu naisukuma iendelee kulala mara tano ya vile mkuku unavyovuta kuirudisha. Ni kweli upana wa boti nao unasaidia, haipinduki kwa chafya. Lakini ina upana wa mita mbili na kitu, na ziwani mawimbi hayaombi ruhusa.

"Basi panda ikiwa hapa hapa kwenye trela," akasema. "Hapa hakuna maji."

Hapo ndipo kubaya zaidi. Kwenye trela boti yote imekaa juu ya matairi mawili, chini ya tumbo lake kuna hewa, na kilichoizuia isidondoke ni mikanda miwili ya kufungia mizigo. Tena ule mlingoti umekaa juu ya sitaha kwa bawaba. Haujachimbiwa kokote, unasimama kwa sababu ya nyaya tu: mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma, na za ubavuni kulia na kushoto. Waya mmoja ukikatika na mimi niko juu, sina hata muda wa kumlaumu aliyeniita.

Bahati nzuri siku hiyo ami yake mke wangu alikuwepo, amekuja kutoka Pangani kutibiwa macho. Mzee ametumia ujana wake kwenye mashua na majahazi, na macho hayaoni vizuri lakini masikio yanasikia kila upuuzi. Alikuwa amekaa juu ya kreti la soda anakunywa chai ya tangawizi. Akasema, "Nyie wawili mnabishana nini? Chombo kidogo mlingoti wake haupandwi. Watu huulaza." Kisha akaeleza kwamba ngalawa kwao mlingoti ni mti wa kubeba begani, unauchomoa ukitaka. Jahazi ndilo watu hupanda, kwa sababu mlingoti wake ni gogo, mguu umekaa kwenye mwashiri, ule ubao wa kuuchomekea, chini kabisa, na chombo chenyewe kina tani za mzigo tumboni. Baharia akipanda kule, jahazi halina habari.

Nami nimewahi kuupanda mlingoti, nisije nikaonekana mwoga wa bure. Mgeni mmoja niliyempeleka Uhuru alikuwa ameacha boti yake Tanga, imetia nanga karibu na Raskazone, na tuliposhuka akaniomba niende naye kumsaidia. Ile ilikuwa boti ya tani nane, mlingoti mita 15, nyaya nene. Nilizitazama kwa muda mrefu, nikavuta hiki, nikagonga kile, nikaridhika.

Watu wa mabotini wana kiti chao cha ubao au cha turubai: unakaa, wenzako wanakuvuta kwa winchi mpaka juu. Kinafaa, ila ukipinduka ndani yake unatoka, kwa hiyo mimi nilivaa mkanda wangu wa mlimani unaobana mapajani na kiunoni. Nikatumia kamba mbili. Ya kwanza ilikuwa jarari ya akiba, tukaifunga chini ikakaza kabisa, na juu yake nikazungusha vitanzi viwili vya kamba nyembamba ya milimita 6 kwa fundo la prusik. Fundo hili lilitangazwa na Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, mwaka 1931, na sijaona kitu rahisi kinachofanya kazi kubwa hivyo. Unazungusha kitanzi mara tatu kuizunguka kamba nene. Ukikiwekea uzito kinang'ata, ukikiondolea uzito kinateleza. Kitanzi kimoja kimefungwa kiunoni, kingine ni cha kukanyagia. Unakaa, unapandisha cha miguu, unasimama juu yake, unapandisha cha kiuno, unakaa tena. Polepole, lakini hakuna anayekuvuta wala kukuchelewesha. Kamba ya pili ilikuwa jarari kuu, imefungwa kwenye mkanda wangu kwa fundo la nane, na mwenye boti chini anaikusanya kwenye winchi kila nikipanda, ili vile vitanzi vikinisaliti niwe bado nimeshikwa.

Mawili ya kuangalia hapo. Jarari nyingi za pwani zina kulabu la kufunguka haraka mwishoni. Lisikubebe, funga fundo. Na jarari ikiwa ya dyneema, zile kamba imara za kisasa, prusik inaweza kuteleza juu yake kwa sababu kamba ina utelezi mno. Jaribu kwanza ukiwa nusu mita juu ya sitaha, ukiruka ruka, watu wakikucheka.

Ambalo sikulitegemea ni mwendo. Chini boti imetulia, unaweza kuweka kikombe cha chai. Mita 15 juu, mawimbi ya mtumbwi mmoja wa mashine uliopita mbali yalinipeleka huku na huku kwa mwendo wa mita nzima, na nilikumbatia mlingoti kwa miguu yote miwili mpaka yakaisha. Spana na bisibisi zote zilikuwa zimefungwa kwa kamba kwenye mkanda. Spana ikidondoka kutoka urefu ule inatoboa sitaha, na kichwa cha mtu ni laini kuliko sitaha.

Haya, turudi Pasua, kwenye kazi yenyewe.

Kulaza mlingoti wa mita 7 watu wanauchukulia kirahisi kwa sababu wenyewe ni mwepesi. Ule wa shemeji na nyaya zake haufiki kilo 30. Lakini mti mrefu unaoinama una tabia ya kuzidi kuwa mzito kadiri unavyoshuka, na ule wa mwisho kabla ya kulala ndio uzito wenyewe. Anayetegemea mabega hugundua hilo akiwa katikati, wakati hawezi kuuacha wala kuurudisha.

Kwanza tuliifunga trela kwenye gari. Trela isiyofungwa, mtu akitembea kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti, pua inapaa na boti inakaa kitako. Mawe kwenye matairi. Nyuma kabisa tukasimamisha panda ya mgrevilea, mti wenye ncha mbili, ili mlingoti uje ulale juu yake.

Halafu tatizo la mbele. Waya wa mbele ndio utakaoushika mlingoti ukishuka kuelekea tezi, kwa hiyo tunaufungua na mahali pake tunaweka kamba tutakayoilegeza. Kamba hiyo ikivutwa kutoka omo, yaani mbele ya boti, moja kwa moja, inafanya kazi vizuri mlingoti ukiwa umesimama. Mlingoti ukikaribia kulala, kamba nayo imelala, inavuta kuelekea kwenye bawaba badala ya kuinua. Kwa boti hii nilipata kwamba ingetakiwa nguvu ya mamia ya kilo kuushika, na nguvu yote hiyo inaibana bawaba. Dawa yake ni mti wa pili. Tulichukua ule mti wa chini wa tanga, tukautokeza mbele ya mlingoti pembe mraba, mguu wake umeegemea chini ya mlingoti. Ncha yake tukaifunga kwa jarari ya tanga la mbele, inayotoka juu ya mlingoti, na kutoka ncha hiyo hiyo ikashuka kamba ya kapi mpaka omo. Mlingoti ukilala, mti ule unasimama, na kamba bado ina pembe nzuri ya kuvuta. Kwa urefu wa mita 2 ule mzigo wa mamia ukawa kilo 60 hivi, na kapi mbili zenye magurudumu mawili mawili zikaufanya robo yake. Mtu mmoja anaweza kuushika huku anaongea.

Lililobaki ndilo wengi hawalioni: mlingoti kwenda pembeni. Nyaya za ubavuni zimefungwa chini kidogo ya bawaba na nyuma yake kidogo, kwa hiyo mlingoti ukianza kuelekea tezi, zinalegea zote mbili. Kuanzia hapo hakuna kinachouzuia kuanguka kulia au kushoto, na ukienda pembeni bawaba inapinda au inang'oa skrubu kwenye sitaha. Tukafunga kamba mbili za muda katikati ya mlingoti, kila moja ikaenda kwenye pete ya ubavuni iliyo usawa mmoja na pini ya bawaba. Pete ikiwa kwenye mstari wa bawaba, urefu wa kamba haubadiliki mlingoti unapozunguka, inabaki imekaza toka juu mpaka chini. Nilitumia nusu saa kutafuta mahali pa kuziweka hizo pete, shemeji akiuliza kila dakika kama bado.

Wakati huo ukuta wa jirani ulikuwa umejaa watu. Vijana wawili wa bodaboda waliokuja kushangaa tukawapa kazi, mmoja kila upande wa tezi. Mmoja alitaka kusimama katikati "aupokee". Ami, ambaye nilidhani haoni, akafoka kutoka kwenye kreti: "We kijana! Toka chini ya mlingoti!"

Mimi nilishika kamba, nimeizungusha mara mbili kwenye nguzo ya winchi ya trela, glavu mkononi. Shemeji akausukuma nyuma. Haukutaka. Mlingoti uliosimama wima hauna haja ya kwenda popote, unausukuma mwenyewe mpaka uanze kuinama, kisha unasikia kamba imejaa. Pale kwenye nguzo ikaanza kulia, kri, kri, kila nikiachia kiganja kimoja. Kamba za ubavuni zimekaza zote mbili, ule mti wa mbele unainuka taratibu kadiri mlingoti unavyoshuka. Ukafika kifuani mwa vijana, wakaupokea, wakauweka kwenye panda. Kuku hawakuhama. Mama mmoja ukutani akasema, "Kumbe ndiyo hivyo tu," na kweli, ikifanywa sawasawa haina cha kutazama.

Sasa kilele kikawa mbele ya pua yangu, na hapo ndipo nilipozidi kufurahi kwamba sikupanda. Jarari ilikuwa imeruka kutoka kwenye gurudumu la kapi na kujipenyeza kati ya gurudumu na ukuta wake, imebanwa kiasi kwamba niliitoa kwa koleo na bisibisi bapa. Nikiwa nimening'inia ningefanya kazi hiyo kwa mkono mmoja. Gurudumu lenyewe limeliwa upande, ukilizungusha linayumba. Kisha nikapitisha kitambaa cha pamba kwenye kila waya, kutoka juu mpaka chini. Kitambaa kikanasa kwenye waya wa kulia, karibu kabisa na ule mrija wa chuma uliobana mwisho wake: uzi mmoja umekatika, ncha yake imetokeza nje, kutu ya kahawia imeuzunguka. Waya huu ni wa milimita 4 wenye nyuzi 19. Ukikatika mmoja pale kwenye mrija, wenzake nao wamechoka. Mwenye duka moja mjini alitushauri tuweke waya wa kawaida na klampu mbili. Ya baiskeli, sawa. Hapa hapana. Tukaagiza Dar, na tukabadilisha zote mbili za ubavuni, kwa sababu zimezeeka pamoja.

Bolti ya bawaba nayo ilikuwa imeganda. Alumini na chuma kisichoshika kutu vikikaa pamoja kwenye chumvi, alumini inaliwa na kuacha unga mweupe unaoshika bolti kuliko gundi. Mafuta usiku kucha, kisha moto kidogo, kisha nyundo kwa adabu. Gurudumu jipya tulikerezewa la nailoni na fundi vyuma wa hapa hapa, akatutoza bei ya kirafiki akidhani ni la toroli.

Jarari mpya ndiyo ilikuwa rahisi. Inapita ndani ya mlingoti, kwa hiyo usiitoe ya zamani kwanza. Shona ncha ya mpya kwenye ncha ya zamani, zungushia utepe pasiwe na nundu, vuta. Na kabla ya kufungua skrubu za kukazia nyaya, zungushia utepe pale zilipofikia, ili ukirudisha ujue pa kusimama.

Kuusimamisha tulikwenda kufanyia Nyumba ya Mungu: Himo, Kifaru, kisha unakata kulia kushuka, mlingoti umelala juu ya boti na kitambaa chekundu nyuma. Kule ndiko nilikokuwa mkali, mpaka shemeji akanuna. Bwawa lile lina kituo cha umeme cha megawati 8 tangu 1968, na vijiji vina nyaya zake, hivyo lazima utazame juu. Hapa nchini umeme wa kusambazwa unapita kwenye nyaya za kilovolti 33 na 11, na huo hausubiri uguse. Ukiukaribia unaruka hewani. Mlingoti ni alumini, na boti ikiwa juu ya trela kilele kinafika karibu mita 9. Waya unaovuka njia ya kijiji hauhitaji kuwa juu hivyo ili lori lipite. Nilitembea kwa miguu kutoka pale tutakapousimamisha mpaka majini, shingo nimeinua, kisha nikarudi nikitazama upande wa pili. Wavuvi waliokuwa wanaanika nyavu wakauliza natafuta ndege gani.

Tulianza asubuhi kabla upepo wa mchana haujaamka. Kazi ni ile ile kinyumenyume, ila mzigo mzito unakuja mwanzo: vijana wawili wanainua toka kwenye panda mpaka juu ya vichwa vyao, na kuanzia hapo kapi zinafanya kazi peke yake. Mtu mmoja asifanye lolote isipokuwa kutazama nyaya, kwa sababu waya mmoja ukinasa kwenye pembe ya dirisha huku mwenzako anavuta, kitu kitavunjika. Hiyo kazi tulimpa ami, na aliifanya kwa kupapasa: alisimama kwenye sitaha, kila waya unapita kiganjani mwake.

Ulipokaa wima tukaurudisha waya wa mbele, pini, na ncha zake tukazikunja. Kisha ami akaniambia niweke jicho chini kabisa, kwenye ule mfereji wa nyuma ya mlingoti unakopita tanga, nitazame juu kama ninavyotazama mtutu wa bunduki. Umepinda kushoto kidogo. Nikakaza kulia nusu mzunguko, nikatazama tena, robo nyingine, ukanyooka.

Shemeji sasa anataka taa ya nanga kule juu. Nimeshampitishia uzi wa nailoni ndani ya mlingoti wa kuvutia waya wake. Akinunua taa tutaulaza tena, na safari hii mafuta ya gari ni yake.